Mgongo Wangu, Kundi Lao

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimegeuzwa upande wa kushoto. Uji. Dawa. Kisha simu. Ndivyo asubuhi zangu zilivyo tangu mgongo uliponinyima kukaa.

Nimesoma makala ya Kifaransa kuhusu watu wanaotengeneza vifaa vya elektroniki kwa kuiga ubongo. Katika kompyuta ya kawaida kumbukumbu iko mahali pamoja, hesabu inafanyika mahali pengine, na umeme mwingi unapotea katika kwenda na kurudi. Ubongo hauna safari hiyo. Panapokumbuka ndipo panapokokotoa. Sasa wanaunda kipande kidogo ambacho ukinzani wake hubadilika kulingana na umeme uliokwisha kupita ndani yake. Kinakumbuka kilichotendewa. Nilifundisha fizikia sekondari maisha yangu yote, na niliwaambia wanafunzi kwamba ukinzani haukumbuki kitu. Nilifurahi kama mtoto.

Simu iliniponyoka ikaniangukia puani. Mke wangu, Mama Masika, alikuwa pembeni ya kitanda akichambua maharagwe. Alicheka. «Weye na batoto ba secondaire, muko sawa tu.» Halafu akasema ana neno la kuniambia. Niliinua kidole: angoje nimalize. Nilipomaliza alikuwa ameondoka na maharagwe yake.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Masika alipita kabla ya kazi. Binti yetu wa kwanza, muuguzi katika kituo cha afya hapa mtaani kwetu Goma. Ni yeye aliyevuka mpaka mwezi wa nane na picha zangu za skana, hadi kwa daktari wa migongo kule Kigali. Alirudi na habari njema. Pingili moja imebonyea kwa sababu ya uzee. Mgonjwa hapasuliwi. Wanatoboa tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, wanafuata sindano kwenye picha, wanamimina saruji ndani ya mfupa. Unakaa siku ileile.

Tunangoja tarehe. Daktari ana watu wengi. «Bientôt, Papa.» Nimelisikia neno hilo, «hivi karibuni», mpaka limekwisha ladha.

Alinishika vidole vya miguu kama kila asubuhi. «Unasikia?» Nikasema nasikia. Uongo. Mguu wa kuume umekuwa kama wa mtu mwingine tangu wiki iliyopita. Nikisema, watadhani nimeharibika sana, wataahirisha. Sitaki kuahirishwa. Nataka kukaa mezani, nile sambaza, visamaki vya ziwani, kwa mkono wangu. Basi. Si ombi kubwa.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Hakuna umeme tangu jana. Simu imezima.

Ninaona aibu kuandika haya. Mkono wangu unaitafuta simu kwenye shuka hata baada ya kujua imekufa. Nilimkaripia Mama Masika kwamba hakuichaji mapema. Nilimkaripia mwanamke anayenigeuza na kuniosha. Huwa namwambia ninasoma kuhusu mgongo. Ni kweli kidogo. Saa nyingi napitisha kidole tu: mpira, mafuriko ya nchi nisizozijua, mtu anakata miti. Nikiwa na simu sijui nina miguu. Leo nimejua. Wa kushoto nao umeanza.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Umeme ulirudi. Mama Masika alikwenda misa. Niliwasha simu.

Nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi. Jina lake: Mugongo ya Papa. Aliyeniingiza ni Kakule, mtoto wa marehemu mdogo wangu, yuko Butembo. Kijana wa adabu. Aliandika: «Namushangaa mwenye alifungua hili kundi. Namna gani alimusahau Papa Mukubwa? Karibu, muzee wetu.»

Nilitabasamu. Nilianza kuandika asante.

Kabla sijamaliza, shemeji yangu wa Beni akatuma sauti. Hakuwa ameona kwamba nimeingizwa. Alisema tukubaliane kitenge sasa, ile ya buluu ni nzuri, kansa haitangoja tumalize kuchagua. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

Kisha mdogo wangu Kasereka: «Masika alifanya muzuri kukatala operasyo. Muzee angefia kule Kigali, maiti tungeipitisha mupaka na makaratasi gani?»

Kisha mtu mwingine: «KAKULE!!! Ondoa Papa!»

Kisha nikaondolewa.

Saratani. Naliandika neno ili nilione.

Mama Masika aliporudi aliiangalia simu kifuani pangu kabla ya kuniangalia usoni. Hapo nikajua kwamba naye yumo.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nimekataa uji.

Nawachukia. Sitaandika neno la upole kuliko hilo. Wamechagua kitenge cha kunililia huku wakiniambia bientôt. Wa Butembo anajua, mdogo wangu anajua, na shemeji wa Beni asiyekumbuka hata jina langu la ubatizo anajua. Aliyelala juu ya mgongo huo ndiye asiyejua.

Desturi naijua. Daktari huwaambia watu wa nyumbani, mgonjwa huambiwa atapona. Nimeiona katika kila nyumba niliyotembelea wagonjwa. Niliiona kuwa ni huruma. Ukiwa chini yake ni kama kufunikwa blanketi usoni.

Masika alikuja mapema, macho yamevimba. Nilimuuliza kama tarehe iliwahi kutolewa. Ndiyo. Mwezi wa tisa. Daktari alisema saruji haitaponya saratani, lakini itaushika mfupa, nitakaa, maumivu yatapungua. Yeye akakataa.

«Ungefia mu njia, Papa. Tuliogopa.»

«Uliniuliza?»

Alikunja na kukunjua taulo.

Nikamwambia ampigie daktari mbele yangu, sauti nje. Alipiga. Mtu mpole, Kifaransa safi. Aliuliza kama miguu yangu bado inasikia. Kama inasikia, tuje wiki hii, atajaribu. Kama imekufa, mishipa ya fahamu imebanwa na sindano haina kazi tena.

Masika akaniangalia. Nikasema inasikia. Akamwambia daktari: «Anasikia.»

Kwa mara ya kwanza tangu jana nilikunywa maji.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Tumefika Kigali na kurudi. Sitaeleza barabara. Nilibebwa kama godoro, mpakani watu walinipisha.

Daktari hakuhitaji picha mpya. Alichukua pini, akaipitisha kwenye nyayo, kwenye goti, kwenye paja. Nilikuwa natazama dari, kwa hiyo sikujua ameanza. Aliponiuliza kama nasikia, alikuwa amekwisha kufika nyonga.

Alifunika miguu yangu taratibu. Alisema pole, kwanza kwangu, kisha kwa Masika. Nilimheshimu kwa mpangilio huo.

Ukutani kulikuwa na mchoro wa mtu aliyepooza, na vifaa vidogo juu na chini ya mahali uti wa mgongo ulipokatika, vinavyojifunza kupitisha amri ya ubongo. Niliuliza. Alisema bado ni utafiti, si kwa mifupa kama yangu. Nilijua. Nilitaka tu kuuliza swali ambalo mtu atalijibu bila kuogopa.

Ndani ya gari Masika alilia mpaka Goma. «Ni mimi, Papa. Ni mimi nilikucherewesha.» Nilimwacha alie. Naandika kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Nilitaka aubebe mzigo huo hata baada yangu.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Masika hakwenda kazini. Alikaa mlangoni, simu yake ikilia, asiipokee.

Mama Masika alinifokea leo. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunifokea hivyo. Alisema: «Kila siku nilikuwa nakuambia niko na neno. Kila siku! Weye unainua kidole. Ningekuambia wapi? Ningekuandikia mu simu?»

Nilitaka kumjibu kwamba neno kama hilo halingoji kidole. Lakini niliinua kidole. Naona sasa jinsi alivyokuwa akiondoka na bakuli lake la maharagwe.

Bado nina hasira. Haijapungua. Lakini ninakwenda kufa, na mtoto wangu ataendelea kushika miguu ya watu kila asubuhi kituoni. Atakuwa anafikiria ya kwangu.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Nilimwita Masika. Nilimwambia afunge mlango.

Nilimwambia kila kitu. Mguu wa kuume ulianza kufa mwezi wa kumi, mwishoni. Aliponiuliza, nilidanganya. Kila asubuhi. Hata mbele ya daktari kwenye simu. Ningesema siku ya kwanza, pengine angekimbia nami Kigali, kundi lipende lisipende. Pengine sivyo. Sijui. Lakini si yeye peke yake.

Nilidhani atapiga kelele.

«Papa. Na weye pia.»

Aliketi chini, kichwa kwenye godoro, karibu na mbavu zangu. Sijamsamehe. Nadhani naye hajanisamehe. Hata hivyo alibaki pale mpaka chakula.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Mvua tangu asubuhi, ile nyepesi. Masika amekwenda kazini. Kabla ya kutoka alivuta kiti, akaniuliza nataka kuzikwa wapi. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei, bila kuinamisha macho.

Nikasema hapa hapa Goma. Barabara ya Butembo ni ndefu kwa watakaonisindikiza.

Mama Masika akaingilia kutoka jikoni: «Hapa? Mu mawe ya volkano? Bachimbaji batatutukana!» Nikamwambia nitakuwa sisikii. Akacheka, akajishika mdomo, akacheka tena. Masika naye.

Tukaongea. Padri yupi, na asihubiri sana. Kitenge cha buluu, sawa, nimekubali, lakini shemeji wa Beni asikatae kukivaa akiona kinachuja. Walinieleza pia alichosema daktari kuhusu muda. Ni mfupi. Niliuliza tena, wakarudia, hawakupunguza.

Suruali ya kuzikwa nayo, nimechagua ya kijivu. Mama Masika amesema imekuwa kubwa mno, nimekonda, lazima aipunguze. Sasa hivi anaipunguza, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, sindano mdomoni. Mara kwa mara anailaza juu ya miguu yangu kupima. Kitambaa sikisikii. Lakini naona inanikaa vizuri.