Popo wa Darasa la Ruring'u

Baba yangu uliyetangulia,

Huku Ruring'u baridi huniingia mgongoni kabla sijainua hata karai moja la simiti. Lakini siandiki kulalamika. Nimekutana na popo wako.

Unakumbuka siku ile, nyumbani Busia, ulipoziba kwa udongo mwanya wa chini ya mabati, nami nimekushikia ngazi. Tuliziba mchana, kwa sababu mafundi hufanya kazi mchana. Popo walikuwa ndani wamelala. Siku ya nne nyumba ilinuka hadi mama akahamia jikoni. Ukaniambia, "Tungengoja watoke kwanza." Sikuwahi kukusikia ukikubali kosa lingine.

Sasa tunakarabati darasa, na kazi yangu ni kuziba mwanya kama ule. Juzi popo mmoja alianguka karibu na karai langu. Nilimshika kwa karatasi ya simiti, nikamtazama. Hazidi kidole changu cha kati, rangi yake kahawia iliyokolea. Masikio mapana yameinamia mbele kama kofia. Mdomo una makunyanzi ya mzee, ingawa meno anayo. Na mkia, baba, nusu yake imechomoza nje ya ngozi ya kati ya miguu, kama wa panya.

Mwalimu wa pale aliniambia hawa hula wadudu, na wako karibu Afrika yote yenye joto, kutoka pwani hadi magharibi kabisa.

"Hata Busia?" nikauliza.

"Kwani mabati ya kwenu ni tofauti?"

Nilimwomba Mwangi, fundi mkubwa wetu, tungoje jioni.

"Ati tungoje popo? Na hii simiti umechanganya, itakungoja?"

Haikungoja. Ilikauka, nikaibandua kwa nyundo.

Jua lilipozama wakatoka mmoja mmoja. Kila mmoja alijiangusha kwanza, kisha akapaa kwa kasi juu ya uwanja. Nilitaka kujua wanaenda wapi, nikasimama hadi shingo ikauma. Kisha nikapanda ngazi na simiti mpya. Ndani ya mwanya nikasikia sauti nyembamba. Nikamulika kwa simu: vitoto visivyo na manyoya, vinangoja mama zao.

Baba, hata tungengoja siku ile, huenda tungeua. Sijui kama hilo linakuongezea kosa au linakupunguzia.

Asubuhi Mwangi akauliza, "Umeziba?"

"Nimeacha tundu la upana wa kidole gumba, mpaka watoto waweze kuruka."

"Wewe ni fundi ama ni mama ya popo?"

Nilidhani atanifukuza. Akapanda ngazi mwenyewe, akaweka sikio ukutani, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka alisema tu, "Leta karai. Tuanze ule ukuta mwingine."

Kesho tunahamia Naro Moru. Tundu nimemwachia mwalimu, pamoja na simiti kidogo ya kuliziba. Nimemwambia asiangalie saa wala jua. Asikilize kwanza.

Pumzika, baba. Mgongo bado unauma.

Mwanao, yule aliyekushikia ngazi