Kifuniko Nilichokisikia Nisikione

Mama Nanzala,

Sauti ambayo haijaniondoka ni ya kifuniko cha sufuria. Kilinitoka mkononi jikoni kwetu Ainabkoi nilipokuwa nimeinama kuonja maharagwe, kikaanguka kwenye saruji, kikazunguka kwa ukingo wake, kelele yake ikizidi kuwa fupi na ya haraka mpaka kikalala, na wakati huo wote macho yangu yalikuwa wazi na sikukiona, sikuona moto, sikuona mikono yangu mwenyewe, niliona ukungu wa kijivu tu kama darasa umeme unapokatika, halafu vitu vikarudi kimoja kimoja, na mama yangu aliyekuwa akimenya viazi mlangoni akasema, "Kiokote kabla shangazi yako hajaingia." Hakuuliza kwa nini kimeanguka. Anajua.

Naomba msaada wako, jambo ambalo si desturi yangu. Nafundisha kemia katika shule ya upili ya wasichana karibu na Cheptiret, nimepanga nyumba Kapsoya, na tangu baada ya Pasaka nina kichwa ambacho sijui nikiite nini. Hunishika vibaya zaidi asubuhi kabla sijainuka, kama mtu amenivisha kofia ya chuma iliyo ndogo kuliko kichwa changu, nikikohoa kinapiga, nikilala nasikia moyo wangu ndani ya sikio, vuu, vuu, kama pampu ya maji ya jirani, na nikiinama macho yananizimikia. Si mara moja. Kifuniko ndicho kilichopiga kelele tu.

Watu wa mji huu hawajui lolote kuhusu kichwa na hakuna asiye na dawa yake. Wanja, mwalimu mwenzangu, hunywa maji kutwa na anadhani hiyo ni shahada, kila nikishika kipaji cha uso ananiuliza, "Mwalimu, umekunywa maji?" kana kwamba mimi ni mche wa sukuma wiki. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani akabonyeza pale pale panapouma, akaniuliza kama nimesikia kitu kikitoka. Yule mwenye duka la dawa pale steji ananiona nikivuka barabara na tayari ameshafungua droo, "Madam, leo tukupe za rangi gani?" na wateja wanacheka, nami nachukua za bluu, au nyeupe, kwa sababu bila hizo siwezi kufika kipindi cha pili. Naye shangazi yangu Hellen, ambaye kitabu cha mwisho alichofungua ni cha nyimbo, amegundua chanzo. "Kichwa kimejaa vitabu, mama. Zaa mmoja, vitahama."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwisho wa mwezi huu familia ya Kipkirui inakuja kwetu kwa koito, wazee wake waketi na wazee wetu, wapatane mahari na kuulizana kuhusu koo. Kipkirui ana duka la dawa za mifugo mjini na ni mtu mwema. Lakini kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, wazee huuliza: katika nyumba hii kuna ugonjwa gani, kuna mwenye kifafa, kuna aliyewahi kurukwa na akili? Kwa hiyo mama amekata shauri kwamba sitakanyaga hospitali mpaka wageni waje na waondoke. "Kichwa si kidonda," anasema, "hakuna anayekiona. Ukipigwa picha ya kichwa leo, kesho soko lote la Ainabkoi litasema binti yangu ana wazimu." Shangazi akaongeza, "Umesoma, lakini hujui masikio ya wazee. Wewe utasema kuumwa, wao watasikia kuchanganyikiwa." Wakaendelea kupanga mapazia na viti vya kuazima kanisani. Hata uso wangu umepangwa, maana shangazi aliona chunusi tangu mapema mwaka huu akaniletea vidonge vya kuziondoa ili niwe laini siku ya wageni, nami naviendeleza kila siku kama mtoto mtiifu.

Utauliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu anakubali. Nyumbani kwetu sifa ni moja, kutopepesa jicho. Kaka zangu walipopashwa tohara, kilichosimuliwa miaka mingi si kwamba walipona, ni kwamba hakuna aliyepepesa jicho. Mimi nilipovunjika mkono nikiwa msichana mdogo sikulia, na baba akawaambia watu waliokuwepo, "Huyu angekuwa mwanamume." Nimeishi na sentensi hiyo kama watu wengine wanavyoishi na cheti. Nikiwaona wasichana wangu wakililia tumbo ili wakose mtihani, nawadharau, na nikiamka na ile kofia ya chuma najidharau mimi, kisha nainuka.

Nataka kujua kitu kimoja. Je, naweza kungoja mpaka koito ipite, na nikingoja, ni kitu gani hasa ninachokiweka rehani? Usiniambie ninywe maji.

Jerop, Kapsoya

Jerop,

Sitakuambia unywe maji. Nitakuambia uvae viatu.

Nimeisoma barua yako na nimekuonea huruma, kisha nimekukasirikia, na nitakupa vyote viwili kwa mpangilio huo. Pole. Kichwa cha namna hiyo kinachosha mwili na kinamfanya mtu awe mpweke, maana hakuna jeraha la kuonyesha. Uliyoyaeleza si mambo ya kubuni wala si ya uvivu, na kama hakuna aliyekuambia hivyo tangu Pasaka, basi nakuambia mimi.

Huruma imeishia hapo. Umeshika kalamu nyekundu ukawasahihisha wote: mchungaji, Wanja, mwenye duka, shangazi. Wote wamepata sifuri. Sasa lete karatasi yako tuisahihishe. Mwalimu wa kemia anachagua dawa kwa rangi. Anameza za bluu leo na nyeupe kesho, siku nyingi za juma, wala hajasoma kijikaratasi kilichomo ndani ya pakiti. Huko chuoni hawakuwafundisha kwamba dawa ya maumivu ikimezwa karibu kila siku huanza yenyewe kuleta maumivu? Hiyo peke yake ingetosha kukupeleka kwa daktari, na wala si jambo kubwa zaidi ulilonalo.

Vichwa vingi, wasomaji wangu, haviui mtu. Kipo cha njaa, cha kukosa usingizi, cha mawazo, na kipo kipandauso kinachomfanya mtu atapike na kuchukia mwanga. Hicho kinataka chumba chenye giza, usingizi, chakula kwa wakati, na daktari wa kukupangia dawa kikizoea kurudi. Pimeni presha pia, haiumi. Lakini kichwa kinachokuja ghafla kama rungu, kikali kuliko chochote ulichowahi kukijua, kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, kinachofuata kuanguka au kugongwa, kinachokulegeza mkono au kukukoroga maneno, kinachomshika mjamzito au aliyejifungua juzi, hicho si cha kulalia. Ni cha hospitali saa hiyo hiyo. Na kinachozima macho kimo humo humo, Jerop. Kinachouma zaidi ukilala na ukikohoa, kikakufunga macho ukiinama, kinaweza kuwa ni shinikizo ndani ya fuvu linalokandamiza mishipa ya macho. Sijui kama ndicho ulichonacho. Mimi si daktari, na barua haina macho ya kuangaliwa. Lakini umeuliza unaweka rehani nini, nami nakujibu: macho yako.

Umesifiwa maisha yako yote kwa kutopepesa jicho, na sasa jicho lenyewe ndilo linalozimika, na wewe bado unangoja sifa. Kaka zako walivumilia kisu ambacho kilikuwa na mwisho. Nani kakuambia chako kina mwisho?

Nije kwa mama yako, na anisamehe, kwa sababu najua anaogopa na si mtu mbaya. Anakufanyia kile ambacho mchuuzi wa ng'ombe hufanya siku ya soko. Anampiga ng'ombe mgonjwa brashi, anamsimamisha kivulini, anaomba asikohoe mpaka mnunuzi alipe. Umeruhusu ufanyiwe hivyo na mwanamke ambaye hajapata robo ya elimu yako, na ukaniandikia mimi kwa Kiswahili safi kunieleza jinsi brashi inavyokwaruza.

Na Kipkirui? Umeniambia anauza nini. Hukuniambia kama anajua unaumwa. Mtu unayetaka kuzeeka naye umempa mstari mmoja, mapazia ukayapa nusu ya mstari, kwa hiyo ukubwa wake kwako bado ni mapazia mawili. Mwambie.

Sasa sikia. Nenda leo, hospitali kubwa yenye daktari wa macho, si droo ya pale steji. Usiende peke yako wala usipande nyuma ya boda boda, maana macho yakizimika utashika nini? Weka katika mfuko mmoja kila kidonge unachomeza, pamoja na vile vya uso ulivyovitaja kama vile ni mafuta ya kujipaka. Ukifika usianze na "samahani daktari, ni kichwa tu." Sema hivi: "Nikiinama macho yananizimikia." Wakikupa dawa ya maumivu na kukuaga, usiondoke, omba mtu akuchungulie ndani ya jicho. Ng'ang'ania. Ukali unao, umekuwa ukiutumia kwa watu wasiostahili.

Koito inasogezwa. Mshipa wa jicho ukishakufa hausogezwi. Nimekutumia jibu hili kwa simu kabla ya kumpa mhariri, kwa sababu ukurasa huu hutoka Jumamosi na sikutaka ulisome kwa shida.

Nanzala

(Ujumbe ufuatao umetufikia kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Mwenyewe ameruhusu uchapishwe.)

Mama Nanzala,

Nilikasirika kwa sababu ya ng'ombe. Nilikasirika njia nzima mpaka hospitalini. Wanja alinipeleka kwa gari lake, chupa yake ya maji ikiwa katikati yetu, na tulipokwama kwenye msongamano nikainywa. Hakusema neno. Hilo nitamkumbukia.

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye mzaha, aliniuliza kama wanafunzi wangu ndio walioniumiza kichwa. Kisha akanichungulia ndani ya jicho la kushoto kwa kile kitaa chake, mzaha ukaisha. Nilipelekwa kupigwa picha ya kichwa, halafu wakanitoa maji mgongoni na kupima shinikizo lake, nami sikupepesa jicho, tabia haiishi kwa siku moja. Shinikizo lilikuwa juu sana. Uvimbe wa kuogopwa haumo. Daktari wa wodi alimwaga mfuko wangu wa vidonge kitandani, akazisukuma kando za bluu na nyeupe, akashika vile vya chunusi. "Hivi nani alikuandikia?"

"Hakuna aliyeandika. Ni vya uso. Vya koito."

Alisema dawa za jamii hiyo zimewahi kupandisha shinikizo la kichwa kwa wanawake wa umri wangu, kwamba hawezi kuapa lakini anashuku, na kwamba sitavigusa tena. Kipkirui nilipomwambia kwa simu aliuliza vinaitwaje, nikamsomea jina. "Jerop," akasema, "hiyo sisi tunawapa kuku." Alifika kabla ya chai ya saa kumi na bado yupo, analala kwenye kiti kwa mdomo wazi.

Macho hayazimiki tena nikiinama. Kona ya chini ya jicho la kushoto bado ina ukungu, na hawajaniahidi kwamba utaondoka. Wanasema ningengoja wageni waje na waondoke, wageni ningewasikia tu.

Mama alikuja jana. Alinishika mguu juu ya blanketi, akalia kidogo, akajipangusa, akasema, "Tumewaambia wazee wa Kipkirui uko semina ya walimu."

Nilimwomba Kipkirui namba ya baba yake, nikampigia huyo mzee, mama akiwa papo hapo.

"Mzee, ni Jerop wa Ainabkoi. Mwisho wa mwezi sitakuwepo, niko wodini, ni kichwa. Msije kwanza."

"Wewe ndiye msichana tunayemjia?"

"Ndimi, Mzee."

"Msichana tunayemjia hatupigii simu sisi."

"Mgonjwa hupiga, Mzee."

Alisema atazungumza na wenzake, akakata. Sijui watazungumza nini. Mama tangu hapo anahangaika kutafuta maneno ya kuwajibu wazee siku watakapouliza kama kuna ugonjwa katika nyumba yetu. Asihangaike. Nimeshawaambia.

Jerop