Upindo Uliopanda

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Vumbi tangu asubuhi. Mhariri kapiga simu: anataka habari ya "kompyuta inayoshona nguo" dukani kwa Harish, hapa Shinyanga mjini. Nikamwambia kompyuta haishoni. Akasema basi nenda ukaone inafanya nini.

Nimekwenda. Haishoni – inaonyesha. Kaja nayo Mihir, mtoto wa kaka yake Harish, kutoka Nairobi. Kwenye kioo cha kompyuta amesimama mwanamke wa kijivu, hana nywele wala uso, na Mihir anamvalisha gauni ambalo halijakatwa. Kitambaa kinamwangukia toka juu, kinatulia mabegani kama shuka iliyotupwa juu ya kiti. Si haba!

Shida ni mikunjo. Kitambaa kikining'inia tu, mashine inakiweza. Kikikunjwa, kinajipenya, mashine haijui kwamba kitambaa hakipiti katikati ya kitambaa. Kikiviringishwa, kinafyatuka. Mihir anakunja, anabana, anasubiri mashine ihesabu. Vikombe viwili vya chai kwa mkunjo mmoja.

"Mama Masalu," Harish kaniuliza, "hizi kompyuta si zinakufa zote Januari? Mwaka elfu mbili?" Ndivyo wanavyosema, nikajibu. "Basi huyu kaniletea mgonjwa!"

Kabakiwa na jora moja la bluu, na kwaya ya kina mama wanalitaka kwa sare. Likikatwa vibaya, rangi ile haipatikani tena. Kwa hiyo katoa sharti. Kwaya wakilikubali gauni kwa kuliona kwenye kioo, Mihir anabaki na meza yake. Ikifika Jumamosi hawajakubali, kompyuta inarudi boksini na Mihir anakwenda Runzewe, kuuza misumari kwa binamu yake Gaurav.

Mihir: misumari haikunjwi.
Harish: inapinda.

Jumanne, 7 Septemba 1999

Kwaya wana warefu na wafupi. Wanataka upindo mpana, uviringishwe mara mbili, mrefu aufumue, mfupi auache. Yaani kilekile mashine isichokiweza. Kuviringisha huko Mihir anakuita "kurola" – Kiswahili cha Nairobi.

Jioni mviringo mmoja ukakaa. "Usipumue!" kaniambia. Nimepumua. Haukufyatuka.

Usiku ataiacha mashine ihesabu yenyewe, mviringo juu ya mviringo, hata kumi. Kesho ni kubonyeza tu.

Jumatano, 8 Septemba 1999

Kwaya walikuja sita, mbele Mama Bernadina, mwenyekiti. Mihir akaamkia: "Shikamoo, anti." Akajibiwa: "Marahaba. Anti yako nani?" Kisha akamwita Harish "Kaka", na Mama Bernadina akauliza kaka gani huyu mwenye mvi zote hizo. Harish akamweleza kwa Kisukuma safi kwamba kwao Wahindi "kaka" ni baba mdogo. Wakacheka. Mambo yalikuwa mazuri. Harish akaingia stoo kutafuta soda.

Gauni likatokea. Refu, hadi vifundoni, bluu ileile. Mihir akabonyeza, upindo ukajiviringisha mara moja, ukatulia. Makofi! Mama Bernadina akasogeza uso kwenye kioo, akanyoosha kidole kwenye goti la yule mwanamke.

"Lola!"

Mihir akabonyeza. Mviringo wa pili.

"Lola, lola!"

Wa tatu, wa nne. Upindo ukapanda katikati ya miundi.

"We kijana! Nimesema lola!"

Magoti nje. Mayowe. Mimi neno nililielewa, ila nilidhani mashine imeharibika. Mihir jasho linamtoka, anabonyeza. Loveness, mdogo kuliko wote kwaya nzima, akasema mbona linapendeza. Alinyamazishwa kwa kiwiko.

Harish katoka stoo na chupa sita. Kamkuta mwanamke wa kijivu mapaja wazi, na mwenyekiti wa kwaya yuko mlangoni, anatoka.

Alhamisi, 9 Septemba 1999

Sokoni wanasema kwa Harish kuna mashine inavua wanawake nguo. Kwenye nyanya ilikuwa inavua hadi magotini. Nilipofika kwenye dagaa, ilikuwa imevua kwaya nzima.

Nimemuuliza Mihir kwa nini aliendelea. Akashangaa. "Si aliniambia mwenyewe? Rola, rola!"

Alisema lola, nikamwambia.

"Ndiyo! Kaka alinifundisha: Wasukuma penye r wanaweka l. Lais, balabala. Nikamrekebisha kichwani."

Lola ni Kisukuma. Maana yake tazama.

Kakaa chini, juu ya jora. Baadaye kaliangalia goti. Kweli – kitambaa kilikuwa kimeingia ndani ya mguu, na kipande cha goti kinachungulia nje. Mama wa watu alikuwa anamwonyesha.

Harish kaniomba niandike gazetini kwamba mashine haivui. Nikamwambia habari ya kitu kisichotokea haina kichwa.

Ijumaa, 10 Septemba 1999

Mihir kaenda mazoezini kwa kwaya kuomba radhi. Nikafuatana naye. Kaeleza kila kitu, ukweli mtupu, pamoja na habari ya r na l. Hapo ndipo alipokosea.

"Kwa hiyo ulinirekebisha," Mama Bernadina kasema. "Mimi."

Akamsogelea.

"Hebu sema ng'ombe."

"Ngombe."

"Rudia."

"Ngombe."

"Haya. Sasa nani arekebishwe?"

Kwaya walicheka hadi mwenye ngoma akaegemea ukuta. Radhi hakuipata. Hakunyimwa pia. Mama Bernadina hakusema atakuja kesho dukani, wala hakusema haji.

Jumamosi, 11 Septemba 1999

Naandika hapahapa dukani. Harish kaweka boksi tupu katikati ya njia, makusudi, kila mteja analiruka. Mihir kamvika mwanamke wa kijivu ngozi ya pili isiyoonekana. Kitambaa kikiigusa kinasimama. Goti halichungulii tena. Miviringo kaifuta yote, kabakiza miwili.

Mama Bernadina kaingia na Loveness. Kaitikia shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Upindo ukajiviringisha mara mbili, ukakoma. Katazama goti. Katazama tena.

"Mgeuze."

Mihir kamgeuza.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni kipimo tu."

"Kipimo cha nani? Kwaya yangu haina kiuno hiki, hata Loveness hana. Gauni hili likipita nyonga zangu, upindo utapanda wenyewe. Hata usibonyeze!"

Harish alianza kucheka, akaacha.

"Naweza kumnenepesha," Mihir kasema, kwa sauti ndogo. "Ila... nitahitaji vipimo."

Loveness kanyoosha mkono apokee futi la kupimia, ampime yeye. Mama Bernadina kamzuia. "Mwache. Aje asome mwenyewe, asije akasikia vingine."

Kampa Loveness mkoba. Kavua viatu. Mlangoni nusu ya soko imesimama. Kawageukia, kainua mikono yote miwili.

"Haya."

Harish kaketi juu ya boksi, limebonyea. Mihir kapiga hatua moja – futi limemponyoka, limejiviringisha hadi chini ya kaunta. Yuko magotini analitafuta.

Mama Bernadina hajashusha mikono.