Kipande cha Mshonaji

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeaminiwa! Tangi la samaki la Mshonaji, yule dada anayeshona nguo mtaani kwetu, limepasuka — mdogo wake na mpira, nani mwingine — na matumbawe yake yote yamefia sakafuni isipokuwa moja, lile la zambarau lenye ncha za kijani. Akalikata kwa koleo. Kipande kimoja kanipa mimi, nimtunzie mpaka apate tangi jipya. Kasema anaiamini mikono yangu. Mikono yangu!

Halafu kipande cha pili kampa Konokono.

Konokono ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Jina nimempa mimi. Akianza kufunga kamba za viatu, viatu vinazeeka. Vioo vya tangi lake vina ukijani mzito, unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Na huyo naye ana mikono ya kuaminiwa? Haya. Jumapili ya tarehe kumi na sita Mshonaji anakuja kutazama. Kitakachopendeza zaidi ndicho atakachoanzia upya. Tutaonana.

Jumatano, 5 Machi
Usafi! Nimesugua vioo, nimebadilisha maji, nimeosha kichujio mpaka kinang'aa. Samaki nimewapunguzia chakula, maana chakula ndicho kinachochafua. Kisha nikapima naitreti, ule uchafu unaotokana na kinyesi chao. Unatia matone kwenye kichupa. Maji yakipata rangi, ujue umo. Hayakupata rangi kabisa. Sifuri! Shuleni nilipata sifuri hadi kalamu ya mwalimu ikaishiwa wino, hakuna aliyenipongeza. Leo sifuri ni kombe!

Taa nimeiwasha mpaka mwisho wake. Zambarau inataka mwanga. Mama kapita sebuleni kaziba macho, anauliza kama tunasubiri ndege itue.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikuwa napita tu kwa Konokono. Dirisha lilikuwa wazi, kosa langu? Mshonaji yumo! Amekunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, mkono mmoja ndani ya tangi, anacheka. Konokono hajawahi kusema kitu cha kuchekesha tangu azaliwe. Labda anacheka kile kichwa. Juzi kwangu alisimama kidogo tu, hata maji ya kunywa hakumaliza.

Kipande chake kimechanua, zambarau kama wino. Changu kimepauka kidogo. Kidogo tu. Njaa ya mwanga hiyo. Nimeishusha taa karibu kabisa na maji.

Wivu? Nani, mimi? Thubutu!

Jumanne, 11 Machi
Cheupe. Cheupe kama mfupa. Nimepima tena: sifuri. Maji yangu unaweza kusomea gazeti ng'ambo ya tangi, na bado! Kule kwenye supu ya Konokono kipande kinanenepa. Haki iko wapi?

Mama kaja kufuta meza. Kawatazama samaki, kanitazama mimi. Hawa wamekonda kama sindano, kasema, unawalisha au unawahubiria? Nikamwambia aachane na samaki, mgonjwa ni tumbawe. Akainama, akalitazama pamoja na ile taa.

"Mwanangu, hata wewe ukisimamishwa juani kutwa nzima na tumbo tupu, utapauka."

Nikacheka. Halafu kicheko kikaisha.

Kwa sababu najua! Muuza samaki wa mapambo alishanieleza, mimi nikawa nachezea simu. Ndani ya tumbawe vimo vimwani vidogo visivyoonekana. Hivyo ndivyo wapishi wake, na hivyo ndivyo rangi yake. Vinapika kwa mwanga, lakini vinataka na uchafu kidogo, kama shamba linavyotaka samadi. Mimi nimewasha moto mkali, unga hamna. Wapishi wamekimbia.

Kumbe sifuri ni sifuri tu.

Jumatano, 12 Machi
Taa nimeinyanyua, nimeipunguza, nimeivisha kipande cha chandarua kilichochakaa. Samaki wamekula mpaka wanashangaa. Kipande bado cheupe, lakini hakijafa. Vinywa vyake vidogo vinajifunga nikigonga kioo.

Ila huo uchafu hauji kwa siku moja. Najua ulipo tele. Siendi! Afadhali ninywe maji ya tangi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeenda.

"Binamu! Leo jua limetokea wapi?"

Nikamwambia vioo vyake vinatia huruma, nimekuja kumsaidia kubadilisha maji. "Yale machafu nitakumwagia mwenyewe, usihangaike."

Akanitazama, kikonokono. Hakuuliza kwa nini mtu aje na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya maji ya kumwaga. Akaniambia kaa, akayavuta kwa mpira mwenyewe, mgongo kanipa mimi. Akanikabidhi ndoo imeshafunikwa.

"Usimwage kwa pupa. Polepole."

Kila kitu kwake polepole! Nikamwambia shikamoo, babu. Akaitikia marahaba, hata hakucheka.

Nyumbani nikamimina kwa kikombe. Polepole, basi tu. Karibu na mwisho nikaona kikopo cha mtindi kimekaa kitakoni mwa ndoo, kimetobolewa matundu. Ndani yake: kipande! Zambarau, ncha za kijani, mkato bado mbichi. Amevunja chake. Amevunja lile tawi zuri kuliko yote, na Mshonaji anakuja Jumapili!

Alijua. Tangu niliposimama mlangoni na ndoo yangu.

Bora angenicheka. Angenicheka ningejua la kufanya. Hata wema ananishinda, mshenzi yule! Mama kasema meno ya mbwa hayaumani. Nikamjibu mbwa hawafugi matumbawe.

Jumapili, 16 Machi
Vyote viwili vimo tangini. Asubuhi nilikificha cheupe nyuma ya jiwe. Nikakitoa. Nikakirudisha. Nani atajua? Konokono hatasema, yule hasemi kitu. Hilo ndilo linaloniuma! Angekuwa mmbea ningelala vizuri.

Sasa hivi nimekitoa tena, nimekisimamisha mbele kabisa, na kile cha Konokono ubavuni mwake. Sijui kwa nini.

Mshonaji anabisha hodi! Mama huyo: "Karibu mwanangu, yuko chumbani anajifanya ana kazi."

Nasikia viatu vyake. Vimesimama. Yuko mbele ya tangi.

"Mama, mbona taa imevaa chandarua? Inaogopa mbu?"

Mama anacheka. Yeye hacheki.

"We! Mbona nilikupa kimoja, naona viwili?"

Mkono wangu bado umelowa, wino unasambaa.

"Toka huko! Kipi chako?"