Vyumba vya Manesi kule Sikuda

Tororo, 6 Februari 2023

Dada Nasirumbi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa vumbi la kiwanda cha simenti linatukohoza kama kawaida. Mama anasumbuliwa na magoti ila anakula vizuri. Wewe je, na duka lako la dawa hapo Busia? Kwa kuwa hupokei simu zangu, nimeandika nikampa Badiru wa teksi akufikishie mkononi.

Nimesikia jambo ambalo kwanza nilidhani ni uzushi wa sokoni: kwamba unajenga vyumba kwenye kiwanja cha baba kule Sikuda, na wapangaji watakuwa manesi. Tena kwa kodi ya huruma. Nilicheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

Mimi nina nyumba za kupanga miaka mingi. Manesi nawajua. Ni watu wa kulia mwezi mzima na kufua sare kila siku kwa maji ya mwenye nyumba. Kama akili ya biashara imekupita, uliza. Jenga baa na vyumba vya madereva wa malori, watu wanaolala siku moja wakaondoka bila kuuliza habari ya bomba.

Halafu usisahau kwamba mtoto wa kiume wa baba ni mmoja, na mimi sijakupa ruhusa ya kuchimba msingi.

Kaka yako,
Edgar

Busia, 19 Februari 2023

Kaka Edgar,

Asante kwa salamu. Mimi mzima. Mpe Mama ile dawa ya kuchua niliyomtumia, asiifiche kabatini.

Nyumba zako nazijua. Nilipanga mojawapo nilipokuwa nasomea uuguzi. Uliniweka chumba cha karibu na choo kwa sababu mimi ni ndugu, nisingeweza kulalamika. Choo chenyewe mpaka leo hakina mlango. Kwa hiyo usinifundishe nyumba.

Nitakueleza, ingawa sidhani itakuingia. Kituo cha afya cha kijijini kwetu kina mkunga mmoja, Kevina. Anakaa mjini Busia kwa sababu Sikuda hakuna chumba cha kupanga, kwa hiyo jioni anafunga mlango na kupanda boda boda. Mwaka jana mke wa Okwi, jirani yetu, alifika pale na uchungu jua likizama, akakuta kufuli. Alijifungulia barazani, mama mkwe amemshikia kanga. Mtoto hakulia. Asubuhi Kevina alikuta damu imekaukia sakafuni. Aliifuta mwenyewe, kisha akaja dukani kwangu akanisimulia. Ndipo nilipoamua. Manesi wenzangu wa chama chetu cha akiba wamekubali, na msingi umeshachimbwa.

Madereva wako wajengee baa wewe, huko huko kwenye vumbi. Ruhusa yako sikuiomba. Baba alinigawia kiwanja kile akiwa na akili zake.

Dada yako,
Nasirumbi

Tororo, 11 Juni 2023

Nasirumbi,

Hujambo. Sisi hatujambo, ingawa nyumba imepoa tangu Mama ahamie kwako.

Umefurahi sasa. Umenisimamisha mbele ya wazee wa ukoo kama mwizi wa kuku, kwa sababu tu nilimtuma mtu akapime kiwanja cha baba yangu tukiuze kwa watu wa maana. Niliwaambia wazee kwamba baba alikiacha mikononi mwangu. Nilitegemea Mama atanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote. Badala yake akasimama na magoti yake yale, akasema, "Baba yenu aligawa mbele yangu. Kiwanja ni cha Nasirumbi. Huyu anadanganya." Mimi niliyemtunza miaka yote hii.

Chukua. Jenga vibanda vyako. Siku bomba litakapokauka, hao manesi watakuwa wa kwanza kukulaani, nami nitakuwa hapa nasikiliza.

Edgar

Tororo, 2 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima, na Mama pia. Huku mvua zimeanza vizuri. Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini tusiangalie ya nyuma.

Binti yangu Patience amemaliza uuguzi, kama ulivyosikia, na amepangiwa kazi kituo kile cha Sikuda. Analala gesti mjini Busia. Mimi na mama yake hatupendi, barabara ile jioni si nzuri kwa msichana. Watu wanasema vyumba vyako vina maji, umeme wa jua na lango. Naomba umtengee kimoja, cha mwisho wa safu, penye utulivu. Yeye si kama wale wengine, ni damu yetu. Kama kuna mtu wa kuhamishwa ili apate nafasi, naamini utajua la kufanya.

Kaka yako akupendaye,
Edgar

Sikuda, 8 Septemba 2024

Kaka,

Tu wazima. Mimi na Mama tulihamia huku vyumbani. Mama huota jua mlangoni kila asubuhi na kuwatania manesi wakitoka zamu. Teksi ya Badiru ikipita anakuulizia, sijui kwa nini.

"Akupendaye." Nilisoma neno hilo mara mbili nikitafuta ndoano.

Hakuna atakayehamishwa. Tena Patience hayuko gesti. Anaishi hapa tangu Julai, chumba kimoja na Kevina. Alikuja na begi moja. Vyumba vilikuwa vimejaa, akalala kwenye godoro sakafuni mpaka Kevina alipomwongezea kitanda. Kodi analipa kama wengine. Nilipomwona langoni nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu kwanza. Akasema, "Shangazi, niliogopa utanikataa kwa sababu ya baba. Na baba nilimwambia niko gesti, kwa sababu hapa anapaita vibanda."

Basi binti yako alituogopa sisi wawili sawasawa. Wewe sishangai. Mimi imeniuma, na nisingekuandikia haya kama Mama hangenilazimisha.

Kazi anaijua. Wiki iliyopita alizalisha mapacha akiwa peke yake zamuni, akaja kulala na viatu miguuni.

Nasirumbi

Tororo, 23 Septemba 2024

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi wazima.

Nilikuja Jumapili. Hukuniona, sikuita. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona Patience anaanika sare, anacheka na mwenzake, nadhani ndiye huyo Kevina. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Njia nzima nilikuwa natafuta la kusema. Nilipofika, miguu ikakataa kuvuka.

Ila macho yangu hayajafa. Paa lako la upande wa mashariki limepigwa misumari na mtu asiyejua kazi. Mvua hizi zitaling'oa, na wewe na manesi wako mtalala mkitazama mawingu. Fundi wako ni mjinga, na wewe uliyempa kazi umemzidi. Jumamosi nakuja na fundi wangu na mabati. Usinipikie chochote.

Mwambie Patience asijifiche.

Kaka yako,
Edgar