Namba Nilizokutumia Kila Jumamosi

Nyumbani kwa mama yako,
Makambako.
22 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Idda,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ujerumani, wewe na mumeo na huyo mdogo Ema, ambaye hapa tumemjua kwa habari za rafiki yako Lidia tu. Kile kifua chako kilichokuwa kikikusumbua kila msimu wa baridi kimetulia? Vaa sweta, hata kama wenzako wanasema joto limefika.

Huku Juni imekaza. Umande unaganda juu ya majani ya viazi na mpaka saa tatu bado watu wanaota moto. Mama yako ni mzima wa mwili. Ya moyo wake utayasoma humu.

Mimi baba yako mkubwa si mzima. Moyo umechoka na miguu imevimba. Wiki tatu zilizopita niliruhusiwa kutoka hospitali ya Ilembula, nikaambiwa nije nipumzike nyumbani. Nimefundisha miaka thelathini na minne, mwanangu, najua sentensi ya namna hiyo inamaanisha nini. Nalala nikiwa nimeketi, maana nikijinyoosha pumzi inakata. Barua hii naiandika kwa siku ya nne leo.

Nataka kusema juu ya matumbawe yako. Nitaanza mwanzo kabisa, ili usije ukasema nimeficha kipande.

Ulipopata nafasi ya masomo mwaka 2021, uliliacha tangi sebuleni kwa mama yako, na vile vipande kumi na vinne ulivyovileta kutoka pwani kwa kibali. Watu walikucheka kwamba umeleta bahari Makambako. Kazi ukatugawia. Mama yako ajazie kila asubuhi maji ya mvua yaliyochujwa, kufidia yaliyokauka kwa joto la hita. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kemia, nipime maji kila Jumamosi na kukutumia namba kwa simu. Wewe ungepiga hesabu huko na kuniambia niongeze nini.

Kipimo kikubwa kilikuwa kile cha ualkali. Unaweka maji kwenye kichupa, unatia rangi, yanakuwa ya bluu, kisha unadondosha asidi tone kwa tone mpaka yageuke manjano. Pale yanapogeuka ndipo unasoma namba. Ulitaka nane, isipande wala isishuke, kwa sababu matumbawe hujenga mifupa yao kutokana na maji hayo na hayapendi kushtuliwa. Kazi ya mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Idda, mimi nilikuwa siioni rangi ile.

Mtoto wa jicho alikuwa ameshaniziba macho yote mawili. Bluu, kijani, manjano, yote kwangu yalikuwa kama chai iliyopoa. Mwanzoni nilijaribu kusimama mlangoni kwenye mwanga. Nikadondosha, nikakisia. Mwezi wa pili nikaacha hata kukifungua kichupa. Nilikaa mezani, nikaandika namba.

Kumwambia mtu kwamba Mwalimu Amon haoni rangi nilishindwa. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu, na walikuwa wakija kuliangalia tangi wananikuta nimeshika bomba la sindano kama daktari. Niliupenda ule utukufu. Sina sababu nyingine bora kuliko hiyo.

Na hata kudanganya nilidanganya kama mwalimu. Mwanafunzi aliyeniletea jibu lile lile kila mara nilimwambia amenakili. Kwa hiyo nami nikawa nazichezesha namba: saba, saba na nusu, sita nukta nane. Nilidhani namba iliyo chini kidogo ya nane ingeonekana ya kweli. Wewe ukaniamini. Ukaniandikia, “Baba mkubwa, inashuka, ongeza magadi soda kijiko kimoja.” Nikaongeza, maana kijiko nilikuwa nakiona. Wiki iliyofuata nikakuandikia saba tena, ukasema ongeza. Miezi mitano tulikwenda hivyo.

Mama yako ndiye aliyeona. Alikuwa anafuta vioo, akachungulia hita na pampu, akakuta zimeota ukoko mweupe. Akaniambia, “Mwalimu, birika langu likiota hivi nalikwangua. Haya maua ya Idda yataendelea kunywa chokaa mpaka lini?” Nikamjibu kwamba kemia si kupika chai, yeye aendelee na viazi vyake. Akacheka, akasema haya, wasomi mmesema. Alikuwa sahihi, mwanangu. Ualkali ulikuwa umepanda mno, kalsiamu ikawa inaganda kwenye vyuma badala ya kubaki majini. Mwanamke aliyeishia darasa la saba alikisoma kipimo ambacho mimi nilikuwa nakibuni.

Agosti 2022 yakaanza kufa. Ncha ziliungua kwanza, kisha nyama ikabanduka kutoka chini kwenda juu, ikaacha mifupa mitupu. Kwa siku tisa yakaisha yote kumi na manne. Harufu yake hata mimi niliipata.

Ukapiga simu unalia, unauliza kimeingia nini majini. Na hapa ndipo penye dhambi yangu, kwa sababu matumbawe ni mali tu, yangesahaulika. Mimi ndiye niliyekuambia, “Umemuuliza mama yako kuhusu ile dawa ya bluu?” Nilijua unachokijua. Dawa ya ukungu anayopulizia viazi ina shaba, na shaba kidogo tu inaua matumbawe. Sikusema kwamba ni yeye. Niliuliza tu. Swali hilo nililichagua kama mtu anavyochagua fimbo.

Ulipompigia nilikuwa nimekaa naye, simu ikiwa sauti ya juu. Nilikusikia ukisema ameua kazi yako ya miaka minne kwa uzembe. Nilimsikia akikujibu, “Mwanangu, mikono hii niliiosha kwa sabuni mara mbili, kama ulivyonifundisha.” Ukakata simu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nikanywa.

Tangu siku hiyo hujampigia. Amekupigia yeye, nadhani unajua mara ngapi. Habari za harusi yako tulizipata kanisani, na za mtoto kwa Lidia. Watu wakimuuliza mjukuu anafanana na nani, anasema anafanana na marehemu Hosea, baba yako. Mjukuu huyo hajawahi kumwona hata kwenye picha.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa macho. Kitambaa kilipotolewa, rangi zilirudi kwa nguvu mpaka zikanitia hofu. Ulikuwa umenitaka nitunze chupa ya maji ya tangi ili ipimwe shaba maabara, nami nikakuambia imemwagika. Haikumwagika. Ilikuwa nyuma ya vitabu vyangu. Niliitoa nikaipima ualkali kwa dawa zile zile za zamani. Niliendelea kudondosha, na bluu ikaendelea kuwa bluu, mpaka ikagota kumi na nne. Nilirudia mara tatu. Hata ukisema dawa zilikuwa zimepitwa na wakati, hazikukosea kwa kiasi hicho.

Nikakaa kimya mwaka mwingine mzima. Mama yako ndiye anayeniosha miguu. Ndiye anayenipikia uji.

Jumapili iliyopita, aliporudi ibadani, nilimwambia yote. Alikuwa anachambua maharage. Hakunitukana. Alisimamisha mikono, akauliza, “Kwa hiyo niliosha vizuri?”

Nikasema ndiyo, Modesta, uliosha vizuri.

Akasema, “Miaka mitatu nimekuwa najiuliza.” Akamaliza kuchambua. Uji bado ananiletea, lakini anauweka kwenye kigoda na kutoka. Hakai tena. Sijamwomba akae.

Hata wewe sikuombi unisamehe. Sina muda wa kuungoja msamaha wala haki ya kuuharakisha. Hesabu zako hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa namba zangu. Chupa nimempa mwanangu Enoki, ataipeleka Dar ipimwe shaba, na majibu atakutumia. Lakini nakusihi, usiyangoje. Ukingoja karatasi ya maabara ndipo umwamini mama yako, utakuwa umeniamini mimi mara ya pili.

Nisalimie mumeo. Enoki na mkewe Oliva wanakusalimu, na Dafroza wa jirani anauliza utakuja lini. Mungu wa baba zetu akulinde ugenini, na mtoto wako akue akijua sauti za kwao.

Usinipigie mimi. Mpigie yeye. Simu anayo, namba ni ile ile.

Ni mimi, niliyekupenda na kukudanganya,

Baba yako mkubwa,
Amon