Mkono mmoja wa hina

Hayrat, uko wapi huko Nosy Be? Pokea simu! Basi soma tu.

Dada Zalia kamuumbua Bahia mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu wa Tanambao!

Si unajua harusi ya Echata, binti wa Bahia, ndiyo ya kwanza mtaani tangu serikali iruhusu tena mikusanyiko? Hakuna mwenye barakoa, watu wanakumbatiana, utadhani maradhi hayajawahi kupita hapa.

Na Bahia alikuja mwenyewe kumwomba dada ampake bibi harusi hina. Bahia yuleyule! Shemeji Kamardine alipokufa kwa maradhi ya moyo, si alisimama mlangoni kwetu akiwarudisha waliokuja mazikoni? "Nyumba hii ina korona, msiingie!" Watu wanne tu ndio waliomzika.

Dada akakubali. Nikashangaa.

Leo kampaka Echata mkono wa kulia, maua mpaka kwenye kiwiko, vigelegele vikapigwa. Kisha akafunika bakuli lake, akasimama.

Bahia akauliza, "Na wa kushoto?"

"Huu nimempaka mtoto, hana kosa. Huo mpake wewe, uliyemnyima mume wangu watu wa kumzika."

Shoga! Uliyemnyima watu wa kumzika! Mbele ya wote! Bahia akaangua kilio, na hakuna aliyeinuka kumbembeleza.

Njiani nikamuuliza dada, ambaye tangu msiba hula kwa kulazimishwa, kama roho yake imetulia.

"Bado," akasema. "Lakini leo nasikia njaa. Nipikie wali."